Tanzia za Mtaa wa Narung'ombe

Utani wangu haujawahi kumuumiza mtu. Naliandika hilo kwanza, kwa herufi kubwa ukitaka, maana Kariakoo nzima inanijua kwa mdomo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekwa hospitali, mahakamani wala kurudishwa kwao kwa sababu ya neno langu. Nimemwambia muuza mawigi kwamba mawigi yake yana umri mkubwa kuliko yeye, akacheka. Nimemwambia trafiki wa pale Msimbazi kwamba kitambi chake kinazuia magari vizuri kuliko mkono wake, akaangalia huku na huku kama kuna aliyesikia, naye akacheka. Mdomo wangu ni sabuni. Unachoma jicho kidogo, lakini unaondoka msafi.

Naitwa Kasmir. Kidato cha nne nilimaliza na daraja la tatu, na ningepata la pili kama Fizikia isingekuwa na chuki binafsi na mimi. Kazi yangu ni kunadi. Mama mdogo Joyceline ana duka la vyombo vya plastiki Mtaa wa Narung'ombe, jumla na rejareja, na mimi ndiye ninayesimama juu ya kiti mlangoni na kipaza sauti: "Ndoo hizi, mama! Ukiitupa toka ghorofa ya nne inapanda ngazi yenyewe kurudi!" Mtaani wananiita Mangi, jina ambalo kila Mchaga wa dukani hupewa Dar bila kuliomba, ingawa duka lenyewe si langu.

Duka letu liko chini ya nyumba ya Ami Hamud. Huyu ni mzee wa Kiarabu aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo, anauza kofia na kanzu duka la pembeni akisaidiwa na binti yake Thuraya. Ghorofani, mkabala na stoo yetu ya ndoo, mwanawe Hussam alikuwa na chumba cha gemu. Tivii sita, pedi kumi na mbili, feni moja iliyokohoa kama mgonjwa, na sheria moja tu ukutani: MAMA AKIPIGA SIMU, GEMU INASIMAMA. "Huwezi kumuua mtu anaongea na mama yake," Hussam alikuwa anasema, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa. Ni mtu mpole, mzito wa maneno, miguu mirefu asiyojua pa kuiweka. Ila umpe pedi, uwashe ile gemu ya vita ya kuvamiana kwenye magofu, hapo ndipo utajua hujui. Wachukuzi, vijana wa maduka, walinzi, wote walipanda ngazi zile kwa vishindo na kushuka wakiwa marehemu.

Hilo la marehemu nililianzisha mimi.

Hussam alitundika ubao ili watu waandike zamu zao. Mchana, yeye na baba yake wakienda kuswali adhuhuri, mlango wa chumba ulikuwa unarudishwa tu bila kufungwa, na saa hiyo hiyo mimi hupanda stoo kuchukua mzigo. Siku moja nikaiona chaki. Nimekulia Moshi kwa bibi ambaye matangazo ya vifo redioni aliyaongezea sauti kuliko taarifa ya habari, kwa hiyo mkono wenyewe ukaanza kuandika:

TANZIA. Familia ya wachukuzi wa Narung'ombe inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao Samson, kilichotokea jana jioni baada ya kupigwa risasi ya kisogo na Hussam wakati marehemu akitafuta mlango. Marehemu ameacha pedi yenye jasho na wapinzani wawili wanaocheka. Habari ziwafikie shemeji zake wote wa Magomeni na jamaa wa Bandarini. Mazishi ni sasa hivi.

Kwa chini nikaongeza WATAKAOZIKWA, nikapanga majina ya wenye zamu na Hussam siku inayofuata.

Walipoisoma walilia kwa kicheko. Samson mwenyewe, mchukuzi mwenye shingo kama gogo, alikaa chini kwenye ngazi akajifuta machozi kwa fulana. Nani kaandika? Hakuna aliyejua. Mwandishi akapewa jina la Mtangazaji. Samson akamshuku Twaha wa mikeka, Twaha akamshuku Hussam mwenyewe, na mimi nikawa nashuku kwa sauti kubwa kuliko wote. Raha yake haielezeki: unakaa katikati ya watu, wanacheka maneno yako, wanakupigapiga begani wakikuuliza, "Mangi, umeisoma ya leo?" Miezi mitano niliandika hivyo, kila siku ya kazi, na hakuna aliyenikamata.

Halafu ikaja Jumatatu ile.

Watu wenye bunduki walivamia kituo kidogo cha polisi mkoani, mbali kabisa na Dar, kukiwa kunapambazuka. Wakawaua askari watatu na mama mmoja aliyekuwa amekwenda kuripoti mbuzi wake aliyeibiwa. Wakakichoma kituo moto, hawakuacha jina wala barua. Tulisikia kwenye redio ya dukani, na mtaa wetu, ambao haunyamazi hata mvua ya mawe ikinyesha, ukanyamaza. Nilizima kipaza sauti bila kuambiwa na mtu.

Jumanne kiongozi mmoja akakutana na waandishi. Wakamuuliza ni akina nani waliofanya. Akasema uchunguzi unaendelea. Walitokea wapi? Uchunguzi unaendelea. Wanataka nini? Unaendelea. Ndipo mwandishi mmoja akamuuliza kuhusu vijana wa siku hizi na gemu zao, na mheshimiwa akapata nguvu kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Akasema vibanda vya gemu vimegeuka vyuo vya mauaji. Akasema vijana wanafundishwa kulenga shabaha mchana kweupe huku sisi tunanunua nyanya. Akasema operesheni inaanza. Sentensi hiyo ya vyuo vya mauaji ilirudiwa siku nzima, redio hadi redio, simu hadi simu. Majina ya wale askari sikuyasikia. La yule mama wa mbuzi ndiyo kabisa.

Jioni nikamkuta mama mdogo amekusanya bastola za maji za watoto, zile za kijani na pinki tulizoagiza kwa ajili ya Idi, anazizika ndani ya pipa na kuzifunika kwa vikombe.

"Mama mdogo, hizi zinarusha maji."

"Na wewe unarusha maneno. Funika."

Jumatano, saa ya adhuhuri, nilipanda kama kawaida. Ningeweza kusema sikufikiri. Nilifikiri. Nilifikiri watu wamechoka kuogopa, wanahitaji kucheka. Nikaandika tanzia ya Samson upya, kwa sababu alikufa sana wiki ile, kisha nikaandika: WATAKAOZIKWA IJUMAA. Twaha. Awadhi. Afande wa Posta, saa kumi kamili, aje na sanda yake. Huyo Afande wa Posta ni Hillary, mlinzi wa jengo moja la ofisi kule mjini, ambaye huja kucheza akiwa bado na sare na kirungu.

Saa tisa akatokea Steven.

Steven ni ripota wa televisheni ya mtandaoni inayoitwa Jicho Kavu. Alikuwa na maikrofoni yenye sifongo jekundu na mpigapicha aliyekuwa anatafuna karanga. Alinifuata mimi moja kwa moja. Mwenye kipaza sauti huvutwa na mwenye kipaza sauti.

"Kaka, mambo? Wewe ni mwenyeji hapa?"

"Mimi? Hata panya wa hapa wananiamkia."

"Kuna kibanda cha gemu za kuua hapa?"

"Kipo, ngazi hizo hapo. Mwenyewe anaitwa Hussam. Usimwone mpole hivyo, anazika watu watano kwa siku kabla ya chai ya saa kumi!" Nikacheka. Samson aliyekuwa anapita na bunda la mikeka kichwani naye akacheka, bunda likacheza.

"Ni mtu wa dini?"

"Adhuhuri haimpiti. Anaswali, anarudi, anaua."

"Vijana anawafundisha?"

"Anawafundisha kufa, kaka! Hata wewe panda, dakika mbili tu unasomewa."

Steven hakucheka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari. Ningejua hapo hapo. Mtu asiyecheka utani wangu ana kazi nao.

Wakapanda. Hussam akawapa soda. Samson aliyewafuata nyuma aliniambia baadaye kwamba waliuliza kuhusu ubao, na Hussam akacheka akasema hata yeye hamjui anayeandika, wanamwita Mtangazaji. Sehemu hiyo haikurushwa.

Iliyorushwa jioni ile ilianza na ngoma za kutisha. Kisha picha za kile kituo cha mkoani kilichoungua. Kisha ubao wangu, taratibu, mstari kwa mstari. Kisha mimi. Macho walinifunika kwa kile kiwingu, lakini sauti waliiacha, na sauti ndiyo uso wangu. Kicheko changu walikikata. Cha Samson pia. Nilisikika tu nikisema, kavu kabisa: "Anazika watu watano kwa siku. Anaswali, anarudi, anaua. Anawafundisha kufa." Kichwa cha habari: JIRANI AFICHUA CHUO CHA MAUAJI KARIAKOO, ORODHA YA WATAKAOUAWA YANASWA.

Niliitazama mara tisa. Tatu za mwanzo, nisidanganye, nilikuwa naangalia nilivyotokea.

Alhamisi saa tatu asubuhi yakaja magari mawili yasiyo na maandishi. Walioshuka walivaa kiraia, hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Tivii zikateremshwa zikiwa zimefungwa kwenye pazia. Feni ikateremshwa, ikikohoa hadi ilipochomolewa. Halafu ukaja ubao. Wawili waliushika, mmoja huku na mmoja kule, wakishuka ngazi kwa tahadhari ya watu waliobeba majeruhi, maandishi yasije yakafutika. Sijawahi kuona mwandiko wangu ukiheshimiwa vile. Mwalimu wangu wa Kiswahili angelia.

"Ubao huu ni wa nani?" mmoja akauliza.

"Wangu," Hussam akajibu. Na ulikuwa wake kweli. Aliununua yeye.

Simu yake ikaita mfukoni. Sote tuliujua mlio ule, ni wa mama yake, Bi Nawal, ambaye alikuwa Tanga kwa dada yake na bila shaka alikuwa ameiona klipu. Hussam akamtazama yule mtu aliyemshika mkono, kama anayetaka kumweleza sheria ya chumba chake. Simu ikaita mpaka ikachoka. Hakuna kilichosimama. Mlango wa gari ukafungwa.

Mimi nilikuwa juu ya kiti changu, kipaza sauti mkononi. Umati wote wa Narung'ombe ulikuwa umejaa pale, umati ambao miaka mitatu nimekuwa nikiuomba unisikilize. Sikusema kitu.

Ijumaa baada ya swala Ami Hamud akaingia dukani kwetu. Kofia yake ilikuwa imenyooka kama kawaida. Ni shati ndani ya koti ndilo alilokuwa amekosea vifungo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu." Akachukua ndoo ya bluu, akaigeuzageuza kama anayetafuta ufa. "Kasmir, wewe ni msomi. Mwandiko wa ule ubao, hukuwahi kuufahamu?"

"Hapana, Ami."

"Sijui. Nilidhani." Alikuwa anaongea na ndoo. Wazee wa mji huu wakitaka kukuomba jambo zito hawakukazii macho. Wanakuletea limefunikwa, kama sahani ya futari, ufunue mwenyewe ukishakuwa peke yako. "Mtu akikosea kwa mchezo si mhalifu. Akitokea mwenyewe, mimi nitakwenda naye. Nitamshika mkono huu hapa, nitawaambia ni mtoto wa nyumbani, walikuwa wanacheza. Hatakwenda peke yake."

"Nikisikia chochote, Ami, nitakuja mbio."

"Inshallah," akasema, akairudisha ndoo mahali pake, akaisawazisha na wenzake.

Mama mdogo alisubiri atoke. "Usijiingize," akanionya. "Wewe uliongea, umeongea. Sasa funga. Hawa wakianza kuokota watu hawachagui, wanazoa." Hakujua ni mimi. Nilitaka kumwambia, na kila nilipofungua mdomo nikawaona wale wawili wakishuka ngazi na ubao.

Jumamosi nikaitwa kwenye mjadala wa Jicho Kavu. Ndiyo, nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kurekebisha mambo, kueleza kwamba klipu ilikatwa. Nilipiga pasi shati. Wakanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, chini ya jina langu wakaandika SHUHUDA, na pembeni yangu wakamweka mchambuzi wa usalama mwenye tai nyekundu na kalamu ya kuonyeshea.

Mchambuzi akauchambua ubao wangu. Akasema hii si lugha ya kawaida, ni mfumo wa mawasiliano. Akazungushia duara maneno "shemeji zake wote wa Magomeni". Akasema mitandao ya kigaidi hutumia majina ya ukoo kuficha vikundi vyao, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Magomeni kuna tawi. Akazungushia "jamaa wa Bandarini" akasema hapo ndipo silaha zinapoingilia. Akafika kwenye "ameacha pedi yenye jasho", akasema hilo bado analifanyia kazi.

Nikataka kucheka, wallahi. Kicheko kikanifika kooni. Mwendesha mjadala akanigeukia: "Kasmir, wewe kama shuhuda, unakubaliana na uchambuzi huu?"

Taa zilikuwa zinachoma. Nikaona kwamba nikisema ni mimi niliyeandika, hapo hapo lile neno SHUHUDA litabadilishwa na neno lingine.

"Inawezekana," nikasema.

Neno moja. Jumapili mchana watu walikwenda Magomeni wakamchukua shemeji wa kweli wa Samson, fundi viatu mwenye watoto wanne, ambaye kosa lake lilikuwa kumwoa dada wa marehemu wangu. Alirudishwa kesho yake. Hakueleza alichoulizwa. Ila alipofika nyumbani alihamisha kiti chake cha ufundi kutoka barazani akakipeleka uani, kwenye giza, na sasa anashona viatu huko.

Vibanda vingine vya gemu vilifungwa vyenyewe. Mjini kote pedi zilifichwa kama bangi. Kiongozi akatoka tena mbele ya waandishi akasema operesheni imezaa matunda, na wale waliovamia kituo bado walikuwa wanatafutwa.

Jumanne Thuraya akafanya jambo ambalo lisingenijia akilini. Alikuwa na picha ya ubao kwenye simu yake. Akapita duka hadi duka, akawakusanya marehemu. Samson, Twaha, Awadhi, wote niliowaua miezi ile, wanane kwa jumla, akawapanga waende naye alikozuiliwa Hussam, wajionyeshe kwamba wako hai. Hillary peke yake alikataa. Akasema akionekana huko ajira ya ulinzi imekwisha. Aliomba tu waseme hajafa.

"Na wewe Mangi, twende," Thuraya akaniambia. "Wewe unajua kuongea."

"Mzigo unashuka leo," nikasema. Haukuwa unashuka.

Walirudi alasiri. Samson akanisimulia akiwa ameegemea mlango, mikono yake mikubwa haina cha kubeba.

"Nimeingia, nimesimama wima. Nikasema, afande, mimi ndiye marehemu Samson, nimekuja kuthibitisha niko hai. Unajua kanijibu nini?"

"Nini?"

"'Kwa sasa.'" Samson hakucheka. "Anasema hii siyo orodha ya waliokufa, ni ya watakaokufa, kwa hiyo kuwa kwetu hai ndiyo ushahidi. Sasa hapo utamjibuje mtu?"

Thuraya alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi. "Wanamtaka mwandishi," akasema. "Wamesema aje mwenyewe, aeleze kwa mdomo wake aliandika nini na kwa nini, alinganishwe mwandiko, na mambo yatakuwa mengine. Hussam anasema hamjui. Wanadhani anamficha. Ijumaa wanapeleka faili juu. Yule afande mwenye huruma kidogo kaniambia, dada, likienda juu halishuki."

"Yukoje?" nikauliza.

"Amevimba mkono huu. Anauliza kama kuna aliyemtazama mama."

Jumatano Ami Hamud akaja tena. Shikamoo, marahaba. Alisimama karibu na mabeseni. Akasema usiku haulaliki. Akasema mtoto wa mwenzio ni wako. Akasema, akiangalia beseni, kwamba Mungu humsitiri anayemsitiri mwenzake. Nikamjibu kwamba ni kweli, Ami, ni kweli kabisa. Akaja mara ya tatu siku hiyo hiyo magharibi, akasimama mlangoni, akasema tu, "Kasmir?" na mimi nikasema, "Naam, Ami," na yeye akasema, "Hakuna," akaenda zake.

Alhamisi saa nne asubuhi mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Mama Matilda, akatuita ofisini kwake. Chumba kimoja, meza moja, mhuri, na mabenchi ya kuazima msikitini na kanisani. Alikuwa anaandaa barua ya majirani kuhusu Hussam, ipelekwe kabla ya faili kuondoka. Kila mmoja aseme anachokijua, yeye anaandika kwa mkono wake, mtu anatia saini, mhuri unagongwa. Mwanamke huyu hana mchezo. Alishawahi kuwasuluhisha watu wawili waliokuwa wameshikana mapanga, kwa kuwasomea tu sheria ndogo za usafi mpaka wakachoka.

Mama mdogo Joyceline alisema Hussam ndiye aliyebeba jeneza la mumewe upande wa mbele, kutoka hospitali hadi kwenye gari la Moshi, na hakuwa hata ndugu. Akalia kidogo. Akatia saini. Samson akasema yeye amekufa mikononi mwa Hussam mara sitini na hajawahi kupata mchubuko. Mama Matilda akaandika hivyo hivyo. Twaha akasema. Awadhi akasema. Ami Hamud alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa benchi, fimbo kati ya magoti.

"Kasmir," Mama Matilda akaita. "Sogea. Wewe ndiye uliyesikika kwenye klipu."

"Waliikata, Mama Mwenyekiti. Nilikuwa nataniana."

"Hilo nitaliandika." Akaandika. "Na tivii ulikwenda. Hilo nalo lilikatwa?"

Watu wakaguna. Nikatafuta utani. Niliutafuta kweli, mifuko yote, na nilichopata ni hiki: "Kile kiti kilikuwa kinazunguka, Mama, nikapata kizunguzungu." Hakuna aliyecheka. Hata Samson aliangalia ukutani.

"Nakuuliza la mwisho, na ndilo wanalolitaka kule," akasema. "Chumba cha Hussam kinatazamana na stoo yenu. Wewe unapanda pale kila siku. Ubao ule, nani alikuwa anauandika?"

Thuraya alikuwa ananitazama. Ningeweza pale. Nilijua kabisa kwamba ningeweza pale, na kwamba hapo ndipo palikuwa pa mwisho. Nikafikiria mkono uliovimba, nikajikuta naufikiria kama mkono wangu.

"Simjui, Mama Mwenyekiti," nikasema. "Naapa mbele ya Mungu na hawa majirani. Chaki sijaishika tangu nimalize shule. Chumba kile mimi huingia jioni na wenzangu, mchana sijawahi kukikanyaga."

Mama Matilda akaandika neno kwa neno. Akanisogezea karatasi. Nikatia saini, saini nzuri tu, yenye mkia.

"Mwenyekiti," Ami Hamud akasema.

Alikuwa amesimama. Na safari hii hakuwa anaangalia ndoo, wala beseni, wala sakafu. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Alhamisi, wiki mbili kabla ya balaa hili. Nilishatia udhu, niko njiani naenda adhuhuri na Hussam, nikakumbuka sijameza dawa ya presha. Nikarudi peke yangu. Napanda ngazi nasikia mtu anacheka ndani. Mlango uko wazi kiasi cha kiganja. Umesimama juu ya ndoo, Kasmir, umenipa mgongo, unaandika. Ulikuwa unaniandika mimi. Kwamba Ami Hamud amefariki uwanja wa vita akitafuta miwani iliyokuwa usoni kwake, ameacha kofia mia tatu zisizo na vichwa. Nilisimama pale nikaisoma yote mpaka mwisho. Nilicheka, nikajiziba mdomo kwa kofia hii. Nikashuka kwa vidole, nisije nikakutia haya."

Kalamu ya Mama Matilda ilikuwa imesimama. Mama mdogo Joyceline alikuwa amenigeukia, leso bado iko puani.

"Siku ile ile walipomchukua mwanangu nilikwenda nikawaambia. Wakasema baba atasema lolote, hata angekuwa nani. Wakasema aje mwenyewe. Nami nikasema kijana huyu hawezi kuletwa kwa kuburutwa, atakuja, ni mtoto wa nyumbani. Nikaja dukani kwenu mara tatu."

Akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena, akanitazama vizuri.

"Sasa niambie mbele ya hawa watu, mwanangu. Au macho yangu yalimwona mtu mwingine?"